Siku Tuliyokwenda Kutazama Ndege

Mwezi uliopita wajukuu wangu walinivizia uani wakanimwagia ndoo nzima ya maji. Nilikuwa nimejifunga khanga zangu nzuri, naelekea msibani mtaa wa pili, na wao wakaanza kuruka na kupiga makofi: "Hepi bathdei, bibi!" Eti siku hizi mtu akipongezwa kwa kuzaliwa analoweshwa kwanza. Nikawagombeza kidogo, wakacheka, nami nikaingia ndani kubadilisha nguo. Nilikaa kitandani na msibani sikwenda tena. Mkwe wangu akadhani nimekasirishwa na maji. Wewe tumejuana siku nyingi, wewe nitakueleza.

Sisi tuliokulia Temeke miaka ile hatukuwa na mambo ya siku ya kuzaliwa. Tarehe ilikuwa kwenye kadi ya kliniki tu, na yangu mama aliihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na sindano na vifungo. Ukiuliza una miaka mingapi unaambiwa ulizaliwa mwaka ule mvua ilipobomoa choo cha jirani. Haya, hesabu mwenyewe. Baba alifanya kazi kiwanda cha nguo, anaingia kwa zamu, anarudi na nyuzi za pamba kwenye nywele kama mtu aliyezeeka ghafla. Mama alikaanga mihogo barazani, mafuta yakipatikana.

Unga ulikuwa wa njano, una harufu ya gunia. Sabuni ikikosekana, na ilikosekana sana, tulifulia majani ya mpapai. Kwenye duka la ushirika watu walipanga foleni kwa mawe: unaweka jiwe lako alfajiri, linakushikia nafasi mpaka urudi. Nyumbani kwetu mtu wa kupanga mawe nilikuwa mimi. Mtu wa kuteka maji bombani nilikuwa mimi, na wa kuchambua mchele, na wa kumsugua miguu mdogo wangu kabla ya kulala. Yeye alikuwa na miaka sita, na kazi yake kubwa ilikuwa kusema. Alikuwa na kiherehere yule mtoto! Jirani akipita na samaki, yeye ndiye wa kwanza kuuliza wamenunuliwa wapi. Baba alimpenda kupita kiasi. Akitoka zamu humwita yeye kwanza, mimi baadaye, na usidhani mtoto wa miaka minane haoni mambo kama hayo.

Basi fikiria nilivyoshangaa Jumapili ile baba aliponigusa bega, jua halijapanda, akasema: "Leo siku yako. Umetimiza tisa. Tunakwenda kutembea, sote." Sikujua alikumbuka vipi. Mama alinivisha gauni jipya la kitambaa cha kiwandani, akanipaka mafuta mpaka masikioni, na alikuwa mpole kwa namna ambayo hakuwa nayo siku za kawaida. Kikapu alibeba mwenyewe, ingawa vya kubeba vyote kwa kawaida vilikuwa vyangu.

Kwanza tulikwenda uwanja wa ndege. Utacheka, lakini miaka hiyo Jumapili watu walikwenda kutazama ndege kama wanavyokwenda sasa kutazama mpira. Ulipanda ngazi, ukasimama barazani juu umeshika chuma, ukala karanga, ukangoja. Baba alitununulia karanga paketi moja moja, si moja ya kugawana. Ndege ilipowasha injini mdogo wangu alijificha ndani ya khanga ya mama, halafu akachomoza na kuanza kupunga mkono: "Kwaherini! Mtuletee pipi!" Watu wote barazani wakacheka. Upepo ulikuwa na harufu ya mafuta ya taa, na baba alinishika mkono, mimi, siyo yeye. Nilikuwa na furaha mpaka nikaogopa kusema chochote nisije nikaiharibu.

Kutoka pale tukaenda mjini kupiga picha. Mpiga picha alitusimamisha mbele ya pazia lililochorwa maua na kutuamuru tusicheke. Mdogo wangu akacheka, ikabidi tupigwe hivyo hivyo. Tukanywa soda kwa mrija, mara yangu ya kwanza kunywa chupa nzima peke yangu. Kisha tukapanda basi la kwenda Mikocheni kumsalimia shangazi. Ilikuwa imepita saa nane, na Jumapili baada ya saa nane magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea ili kubana mafuta, kwa hiyo barabara ilikuwa tupu, watu wanatembea katikati yake kama uwanjani.

Ndani ya basi mdogo wangu akajimwagia soda ya chupa aliyokuwa akiibania tangu mjini. Mama aliniambia nitafute kitambaa kikapuni. Chini ya mihogo ya kumpelekea shangazi nikagusa nguo. Sare yangu ya shule. Magauni yangu mawili ya zamani, yamekunjwa. Ndala zangu, daftari langu, na kadi yangu ya kliniki. Vyote vyangu, na cha mdogo wangu hakukuwa na hata kimoja. Ndipo nikajua kwa nini baba alikumbuka tarehe: kopo lilifunguliwa ili kadi itolewe, na kadi ilitolewa kwa sababu mtoto akihama anahama nayo.

Shangazi alikuwa mdogo wake baba, na hakujaliwa mtoto. Kwetu sisi watu wa kusini tuliohamia Dar, dada akikosa mtoto kaka yake humpa mmoja amlee. Huko si kutupa, ni undugu, na wengi wetu tumelelewa hivyo. Ila mtoto haambiwi. Anaambiwa anakwenda kutembea, anavishwa, analishwa vizuri, na akishanogewa na mchezo wazazi wanatokea mlango wa uani. Binti wa jirani yetu alikwenda kutembea hivyo hivyo Kilosa, na mwaka wa pili nilishazoea kucheza kombolela bila yeye.

Nilimpa mama kitambaa. Sikulia. Tulipotelemka, baba na mama wakitangulia mbele wakinong'ona, nilimshika mdogo wangu mkono nikamwinamia.

"Kwa shangazi kuna friji," nikamwambia. "Maji ya barafu kila siku. Na bembea."

"Bembea ya kweli?"

"Ya kweli. Lakini anachukua mtoto mmoja tu. Akiuliza nani anataka kukaa naye, sema mie. Sema haraka, kabla sijasema mimi."

Akaitikia kwa kichwa, macho yamemtoka. Alinishukuru. Nakuapia, yule mtoto alinishukuru.

Shangazi alitupokea kwa vigelegele. "Shikamoo shangazi." "Marahaba wanangu, karibuni, karibuni wifi, kaka pita ndani." Alipika pilau, na katika mwaka ule wa njaa ya mchele sijui alihangaika vipi kuupata. Mume wake, karani wa serikali, mtu mkimya, alituletea maji ya friji kwenye bilauri, na mdogo wangu aliyanywa akipiga kelele kwamba meno yanauma. Bembea ilikuwepo kweli, tairi limefungwa kwenye mti wa uani. Baba hakula. Alichezea wali, halafu akasema: "Dada, nilivyokwambia ndivyo. Mtoto simwachi kwa nguvu. Akilia, narudi naye."

"Sawa kaka," shangazi akasema, kisha akanigeukia akitabasamu kwa hofu, kama mtu anayeomba kazi. "Haya mwanangu. Utakaa na mimi?"

Nikaangua kilio. Nililia kwa sauti ambayo sikuwahi kuitoa, nikaangukia magoti ya mama. Na kabla mtu hajasema neno mdogo wangu akaruka kutoka mkekani: "Mie, shangazi! Mie nitakaa! Mie nataka!"

Walicheka kwanza. Kisha shangazi akaacha kucheka, akamtazama kaka yake.

"Huyu bado mdogo," baba akasema. "Hatukumzungumzia huyu."

"Anayelia anarudi, umesema mwenyewe. Mwenzake huyu halii. Kaka, mtoto amechagua."

"Hajui anachochagua."

"Na huyo mkubwa ulitaka achague nini? Au neno lako lilikuwa la kunipumbaza?"

Baba alitazama sahani yake muda mrefu, mdogo wangu akimvuta mkono ampeleke kwenye bembea. Akaenda akamsukuma. Alimsukuma mara nyingi, taratibu, kisha shangazi akashika kamba mahali pake, nasi tukatokea mlango wa mbele. Kikapu tulikiacha. Kwa hiyo alibaki na nguo zangu, na nimeambiwa alizivaa zimekunjwa pindo mpaka zikamtosha.

Kituoni baba alituacha, akarudi mbio mpaka kwenye kona ya nyumba ya shangazi. Alisimama pale. Tulimwona mgongo tu. Aliporudi alipanda basi bila kunitazama, na nadhani hakunitazama sawasawa tena maisha yake yote, ingawa sijui kama alijua.

Kila mwisho wa mwezi alikwenda Mikocheni kumwona. Mdogo wangu alimng'ang'ania suruali, akataka kurudi, sasa akilia kweli, lakini neno lilikuwa limeshapita na shangazi naye alikuwa ameshampenda. Akamwomba baba asitishe kuja mpaka mtoto azoee. Baba akawa anakwenda hata hivyo, anasimama ng'ambo ya barabara kumtazama akicheza, kisha anarudi Temeke. Mwaka uliofuata mume wa shangazi alihamishiwa Mwanza, wakaondoka naye. Baba alifariki mimi nikiwa sekondari, ugonjwa wa kifua, na barua ya msiba iliwafikia tumeshazika.

Mambo mengi ya wakati ule yameondoka. Foleni za mawe hakuna, ile baraza ya kutazamia ndege sijui iliishia wapi, na Mikocheni ya shangazi ni maghorofa na kuta ndefu, huwezi kuonyesha mti ulikuwa wapi. Sisikitiki sana. Ninachokisikitikia ni mtoto mwenye kiherehere, kwa sababu aliyerudi hakuwa yeye. Alikuja mwanamke mtaratibu wa Mwanza, mwenye lafudhi ya huko, anayebisha hodi kabla ya kuingia nyumba aliyozaliwa.

Alikuja kwa msiba wa mama, akakaa nasi mpaka arobaini. Siku moja mchana tulikuwa wawili uani, tunachambua mchele wa hitima, akaniambia bila kuinua uso:

"Dada, nikuulize, usinifiche. Nakumbuka bembea tu. Nani aliamua niachwe mimi?"

Nilikuwa na umri wa kuitwa bibi. Mama hayupo, shangazi hayupo, hakuna wa kunisuta wala wa kunichapa. Nikasema: "Baba."

"Baba?"

"Baba, ndiyo. Sisi tulikuwa watoto."

Alitikisa kichwa polepole, akapepeta ungo wake, akasema alikuwa akihisi hivyo siku zote. Kesho yake tulikwenda makaburini. Kwa mama alikaa sana, akang'oa majani, akasoma dua huku machozi yanamtoka. Kaburi la baba liko hatua tano tu kutoka pale, nikamwonyesha. Alilitazama, akajifunga vizuri mtandio wake, akasema atanisubiri getini.