Karani Aliyetaka Mkia wa Sokwe

Jumanne saa mbili asubuhi, mrina asali kutoka misitu ya Ugalla aliingia ofisi ya wanyama bomani Tabora, amembeba mtoto wa sokwe kifuani. Wakata kuni walikuwa wamemuua mama yake. Nilikuwa mtu wa pili nyuma yake kwenye foleni.

"Shikamoo, mzee," alisema karani. "Mkia uko wapi?"

"Marahaba. Mkia gani, mwanangu?"

"Ukiua nyani shambani unaleta mkia, tunaandika."

"Huyu ni sokwe, hana mkia tangu azaliwe. Wala sijamuua. Anataka maziwa, kisha mmrudishe kwa wenzake kabla msitu haujaisha."

Karani alipitisha kidole daftarini. "Sokwe hayumo humu. Msubiri Bwana Nyama mwenyewe, mkuu wa ofisi hii, yuko safarini mpaka Jumatatu."

"Huyu hafiki Jumatatu, baba."

"Basi keti barazani."

Aliyefuata alileta mikia sita ya nyani kwenye kikapu. Alihudumiwa papo hapo. Daftari la boma lina nafasi ya mnyama aliyekufa. Aliye hai hana hata mstari.

Mtoto wa sokwe alikufa barazani Alhamisi mchana. Jioni yake mrina asali alipanda garimoshi kurudi kwao.