Mifupa Yangu Yaenda Mwanza

Nilianguka mara moja tu, nikijikwaa kwenye kamba ya mbuzi, mkono ukavunjika. Tangu hapo mwanangu Masunga akaniona mzigo wa kuhamishwa. Soko huria lilimpa duka Bariadi, na humo hupanga bei ya kila kitu. Sasa akataka kupanga hadi pa kuishi mama yake.

"Mayu," akaniita mama kwa Kisukuma chetu, "kuishi hapa Lalago sasa basi. Utakaa kwangu, kwenye sofa."

Mimi mwalimu mstaafu, mwenye ng'ombe na shamba la pamba, nikakodolee macho televisheni? Nikamwambia mifupa ijisemee yenyewe. Alikuwa amesikia kuna hospitali ya binafsi Mwanza yenye mashine ya kupima uimara wa mifupa. Tukapatana: ikionekana imara, nabaki, ikionekana dhaifu, nahama.

Alfajiri tukaondoka Lalago. Barabara ya Maswa ilitutikisa hata nikamwambia Masunga kwamba mifupa ikifika mizima, kipimo cha nini tena? Hakucheka. Nilikuwa na michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, na chupa kubwa ya maziwa, nikanywa njia nzima, maana mwanafunzi hujisomea hata mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Bariadi tulibadili basi. Kufika Nassa maziwa yakataka kutoka, na abiria wote wakanisubiri nirudi kutoka kichakani.

Mchana tulikuwa Mwanza. Dada mwenye koti jeupe alinisalimu, "Mwadila, mayu," akanilaza kitandani. Alisema mashine ilitumika Ulaya kwanza.

"Kumbe mtumba," nikasema, "kama shati la Masunga."

Mkono wa mashine ulipita polepole juu ya kiuno na nyonga, bila maumivu yoyote. Kisha dada akatazama picha.

"Mayu, mifupa yako imepungua. Ni dhaifu kuliko ya msichana wa miaka thelathini."

"Msichana gani?"

"Si mtu halisi, mayu. Ni wa kulinganishia tu."

"Mleteni Lalago wakati wa palizi, tuone nani ataomba maji kwanza."

Dada alicheka, nami nikacheka kwa sauti. Lakini niliiona nyumba yangu imefungwa kufuli, nikaogopa kweli.

"Kwa hiyo nikakae kwenye sofa?"

"Hapana! Mfupa usiofanya kazi huzidi kudhoofika. Tembea, kunywa maziwa, meza dawa hizi. Ila usianguke, mayu. Kuanguka ndiko kubaya."

Safari ya kurudi ilikuwa mabishano matupu. Masunga alikuwa amesikia "usianguke". Mimi nilikuwa nimesikia "tembea".

"Mapatano ni mapatano, mayu."

Mama mmoja wa kiti cha nyuma akaingilia, "Baba, hata kwenye sofa watu huanguka." Basi zima likacheka.

Bariadi ilipokaribia, Masunga akaniinamia, akasema chini chini, "Kila siku mawazoni nakuona umeanguka uani peke yako, na hakuna wa kukuinua."

Nilimshika mkono. Baadaye nikamwambia, "Basi twende wote Lalago, uondoe vyote vya kuniangusha."

Kesho yake alizunguka uani kama askari wa doria. Akahamisha mbuzi, akafukia mashimo, akasawazisha kizingiti. Ndipo nikakumbuka kwamba paa la jiko likivuja, sakafu huteleza; akaliezeka. Ghala lililoinama nalo nikaliona hatari sana kwa mtu mwenye nyonga kama zangu, akalinyoosha. Miaka mitatu nilikuwa nikimwomba kazi hizo. Nilichojifunza Mwanza ni kwamba mifupa ikipungua, akili isipungue.

Jioni alifika langoni, akainama kwenye jiwe kubwa.

"Mayu, na hili niliondoe?"

"Hilo liache."

"Kwa nini?"

"Ndilo ninalokalia nikisubiri basi lako."

Akalitikisa kwa mikono miwili, kuona kama ni imara, kisha akakaa.