Gauni la Fundi, Mabega ya Mpishi

Mpishi wa shule hakuwa mtu wa kusahau. Kuna wanaosamehe, na kuna wanaosema wamesamehe. Yeye kinyongo chake alikitia kwenye mfuko wa plastiki, akakiweka kabatini. Kila alipotafuta shuka alikiona: gauni la zambarau aliloshonewa na wifi yake.

Wifi huyo, dada wa mumewe, ndiye aliyekuwa fundi wa nguo wa familia nzima, na alikuwa na mtindo wake wa kupima. Hakuandika kitu. Alivuta tepu, akataja namba kwa sauti ili isimtoke kichwani, na duka zima likasikia. Shemeji mdogo wa Mpishi alipokuwa anakaribia kuoa, Fundi alimzungushia Mpishi tepu kiunoni, akataja namba, akairudia, kisha akawauliza wanawake waliokuwepo kama kuna mwenye tepu nyingine waunganishe. Walicheka mpaka machozi. Mpishi naye alicheka, maana ungefanyaje.

Kicheko hakikumuuma kama gauni lenyewe. Lililetwa asubuhi ya harusi, finyu, zipu ikakwama katikati ya mgongo. Fundi hakuona haya kusema amelikata hivyo makusudi, ili limpe wifi yake sababu ya kupungua. Mpishi alishinda nyuma ya ukumbi amejifunga shali, na kwenye picha ya familia hayumo. Mumewe yumo, watoto wake wamo, yeye hayumo. Akaapa kwamba gauni hilohilo atalivaa mbele ya macho ya Fundi, na kabla ya siku hiyo hatalijaribu.

Akamwendea mwalimu wa michezo pale shuleni, mwanamke asiye na maneno mengi. Mwalimu alimwambia apunguze chakula lakini asijitese na njaa, kisha akampa kazi: kupanda ngazi za ghorofa kabla ya kuwasha majiko, kuchuchumaa na kusimama, kunyanyua mifuko ya unga hadi juu ya kichwa. Mpishi alipanda ngazi akimtukana Fundi kimoyomoyo, tusi moja kila kipandio, na matusi hayakumwishia.

Alijipima kwa mizani ya magunia kule stoo. Mwanzoni mshale ulishuka vizuri, kisha ukaganda palepale, wiki baada ya wiki. Siku moja aliipiga mizani teke. Mwalimu hakubishana naye, alimwonyesha tu kamba za aproni yake. Zamani zilikutana mgongoni kwa shida. Sasa zilizunguka hadi mbele na kufungwa fundo. Akamweleza kwamba mafuta yanaondoka huku misuli inajengeka, ndiyo maana mwili unabadilika umbo na mizani haioni kitu. Mpishi alisikia habari za kiuno, zikamkolea. Habari za misuli ziliingia sikio hili zikatokea lile.

Mwaka uliofuata shemeji mwingine akataka kuoa. Wanawake wa familia walijaa dukani kupimwa, mama mkwe akiwa kwenye kiti karibu na mlango. Mpishi aliingia na mfuko wake, akasalimia, akapita moja kwa moja nyuma ya pazia.

Gauni lilipita nyonga bila shida, na kiunoni likabaki na nafasi ya mtu wa pili. Roho yake ikasuuzika. Kisha akaingiza mikono, na hapo mambo yakaharibika. Mabega yaliyonyanyua unga mwaka mzima hayakutaka kuingia. Alivuta huku, akavuta kule, jasho likamtoka.

"Vipi, wifi," Fundi aliuliza kutoka nje, "limegoma tena?"

Vicheko vikaanza. Angeweza kulivua na kuondoka kimya, na Fundi angepata hadithi ya kusimulia hadi uzeeni. Hasira ilimpanda hadi utosini. Alilazimisha mikono, akavuta pumzi, akatanua mgongo. Mshono ulipasuka kutoka bega hadi bega.

Akatoka hivyohivyo, mgongo wazi, mkononi ameshika rundo la kitambaa kilichozidi kiunoni. Vicheko vikakatika.

"Nipime," alisema. "Na utaje kwa sauti, kama ulivyozoea."

Fundi alimzungushia tepu kiunoni, akanong'ona namba.

"Hatujasikia," alisema mama mkwe.

Ikabidi arudie. Akapima mabega, akapima upya, maana yalikaribia ya kaka yake, mume wa Mpishi. Akayataja nayo.

Mwingine angetosheka. Mpishi alichukua tepu mkononi mwa Fundi, akauliza ni nani humpima yeye. Wanawake wakatazamana. Hakuna aliyewahi kumpima Fundi. Alijipima mwenyewe, nyumbani, mlango umefungwa.

"Mikono juu, wifi."

Fundi alitupa jicho mlangoni. Mama yake mzazi alikuwa ameshasogeza kiti akaziba njia. Akainua mikono, taratibu, na Mpishi akamzungushia tepu, akaikaza vizuri, akasafisha koo.