Fundi wa Vitanda vya Miguu Mirefu

Saa moja asubuhi, Mutie Mwanzia tayari amepiga magoti kwenye unga wa mbao, chini kidogo ya magorofa ya Soweto East, Kibera. Mteja wake wa kwanza, muuza mboga aitwaye Lavender, anataka kitanda. Mutie haulizi futi ngapi kwa ngapi. Anauliza, "Maji yalikufika wapi?"

Lavender anagusa paja. "Hapa. Na mtoto nilikuwa nimembeba kwa bega."

Mutie anasimama, anapima paja lake mwenyewe kwa tepu, maana kimo chao ni kimoja, anaongeza shubiri, kisha anaandika kwa penseli kwenye ubao. Huo ndio utakuwa urefu wa miguu ya kitanda.

"Watu husahau tarehe," anasema. "Lakini hakuna aliyesahau maji yalimfika wapi."

Zamani, fundi huyu wa miaka 41 kutoka Kitui alitengeneza makochi. Mto unaopita karibu na karakana yake ulipofurika miaka miwili iliyopita, makochi manne yalilowa maji machafu, sponji zikaoza, na kwa miezi mitatu hakuna aliyetaka kusikia habari ya kochi. Nani anunue kiti cha kuozeshwa na mvua ijayo? Mutie akapiga moyo konde, akabuni kitanda chake: kirefu kuliko meza, chenye rafu ya nguo na unga upande wa kichwani, na kinachofunguliwa kwa spana mtu akitaka kuhama upesi.

Sasa anauza vitatu kwa wiki, kila kimoja shilingi 8,500. Biashara haijawahi kumnyookea hivi. Vijana wakipita humsalimu, "Niaje, Injinia?" Naye huinua nyundo bila kugeuka.

Lakini jioni akifunga karakana, hakuna anayemngoja. Chumba chake cha mabati kiko nyuma tu ya karakana. Anasonga ugali wa mtu mmoja na kuula akiwa amesimama.

"Nikikaa nitaanza kuwaza," anasema. Wapi! Anawaza hivyo hivyo akiwa wima.

Mkewe, Nduku, yuko Kitui na binti yao wa miaka sita, Kavindu, tangu Aprili mwaka jana. Habari hiyo Mutie anaisimulia akitazama kando. Nduku alikuwa amemwomba kitanda kirefu tangu Krismasi. Kila mara alijibiwa, "Ngoja kwanza nimalize cha huyu." Mchana mmoja, Mutie akiwa Makina, upande mwingine wa Kibera, akimfungia mteja kitanda, mto ukaingia chumbani kwao. Nduku alisimama kwa muda wa saa mbili juu ya kitanda chao cha miguu mifupi, maji yakimfika magotini, Kavindu mgongoni.

"Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza," anasema Mutie. "Aliniambia tu, 'Watu wote umewainua, Baba Kavindu, sisi ukatuacha chini.' Siku ya tatu akapanda basi."

Wiki hiyo hiyo alitengeneza cha kwao, kirefu kuliko vyote alivyowahi kuuza. Hajakilalia hata siku moja. Hulala kwenye benchi la karakana. Alipompigia Nduku kumweleza, mkewe alimuuliza jambo moja: "Mto umehama?"

Hapo ndipo pagumu. Wanaohitaji vitanda vyake wanaishi kando ya mto. Akihamisha karakana, kazi imekufa. Akiendelea kuishi hapa, Nduku harudi. Basi ameamua kubakisha karakana Kibera na kupanga chumba cha mawe mtaa wa Kongo, Kawangware, mbali na mto, kwa shilingi 4,500 kwa mwezi. Atatembea saa nzima asubuhi na saa nzima jioni. Hilo halimsumbui.

Wiki iliyopita alimtumia Nduku picha ya chumba hicho. Jibu lilikuja kwa ujumbe wa sauti, ambao Mutie ameusikiliza mara nyingi, hata anaukariri: "Nyumba ni nzuri. Lakini hiyo picha umepiga jua likiwaka. Mvua ikinyesha, maji hupita wapi?"

Mutie alikwenda kuuliza. Everlyne, anayepika chapati pale Kongo, alimwambia maji hupita barabarani, hayaingii ndani. Jirani mwingine akasema mtaro huziba.

"Nduku nimemwambia maneno ya kutosha," anasema Mutie. "Hili sitamwambia nilichosikia. Nitamwambia nilichoona."

Kwa hiyo mpango wake ni huu. Siku mawingu yatakapofunga, siku ambayo wateja humjia kwa wingi, atafunga karakana, atatembea hadi Kongo na kusimama kwenye mlango wa chumba hicho mvua yote, simu mkononi, arekodi maji yanakopita. Mwenye nyumba amekubali kumwekea chumba mpaka mwisho wa mwezi. Siku tisa zimebaki.

Leo jua ni kali na anga ni jeupe. Kando ya mto watu wameanika magodoro na wanamshukuru Mungu. Mutie anatazama juu, kisha anasema kwa sauti ya chini, kwa haya, asisikiwe na majirani:

"Huku kote ni mimi peke yangu ninayeomba mvua inyeshe."