Kitako Changu, Mitutu Yake

Sijawahi kumpenda shemeji yangu, na sasa amekufa bado simpendi. Damu zetu hazikupatana tangu siku ya posa, aliponitazama miguu kabla ya kunitazama uso. Alikuwa kaka mkubwa wa mke wangu, jumbe kule Sepuka, mtu wa kukohoa kwanza ndipo aseme. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka vita vya Wazungu, ambako kazi yangu hasa ilikuwa kutengeneza bunduki za askari wenzangu, na nilikuwa nimejenga Mungaa kwenye shamba aliloniachia baba.

Siku zile Mzungu akirudi kwao, vitu vyake vilinadiwa mbele ya boma mjini Singida. Vilikuwa vitanda, masufuria, viti vya turubai, na mara mojamoja bunduki ya marisau ya mitutu miwili, ya kizamani, imeliwa na kutu mpaka watu wanaicheka. Mimi sikucheka. Nilikwisha kufufua kadhaa kwa ajili ya Mwarabu mmoja mwenye duka, ambaye aliweza kuzinunua kwa kuwa alikuwa na kibali. Mtu kama mimi hakupewa kibali. Serikali ilinipa bunduki nikapige watu nisiowajua ng'ambo ya bahari, lakini kumpiga ngiri anayekula uwele wangu mwenyewe, hapana, huo ulikuwa utundu.

Na ngiri walikuwa wananimaliza. Waliingia shambani mchana kweupe, mikia juu, na watoto wao nyuma, wala hawakunihesabu. Miaka miwili mfululizo tulivuna kidogo hata nikaona aibu kumtazama mke wangu akipepeta.

Ndipo nikajishusha, nikaenda Sepuka. Jumbe alikuwa na kibali bila taabu. Nilimwamkia shikamoo, nikakaa kwenye kigoda alichonionyesha, kifupi kuliko chake, tukapatana kwa mdomo. Yeye auze dume lake la ng'ombe anunue bunduki mnadani. Mimi niifufue. Kisha tuitumie kwa zamu, wiki kwake, wiki kwangu, na boma wakiuliza, mimi ni mtu wake wa kumsaidia kuwinda.

Siku ya mnada niliichagua mwenyewe. Kitako chake kilikuwa kimepasuka, mtutu wa kushoto umebonyea, na mtambo mmoja wa kufyatulia hauna springi. Niliitoa mitutu, nikaining'iniza kwa kamba, nikaigonga kwa ukucha. Ililia vizuri, sauti ndefu. Kama ingetoa sauti ya kufa, ningejua mitutu imeachana pale ilipounganishwa, ningeirudisha chini.

"Shemeji," jumbe akasema kwa sauti ya baraza, ili wote wasikie, "tunanunua bunduki au tunanunua kengele?"

Watu wakaangua kicheko. Nikacheka nao, huku mkono unaniwasha.

Kazi ile ilinichukua kiangazi kizima. Kutu niliitoa kwa mafuta ya taa na majivu, taratibu, maana ukiwa na haraka unakula chuma pamoja na kutu. Nilichonga kipande cha mti mgumu, mviringo, nikakisukuma ndani ya mtutu uliobonyea mpaka ukajaa tena. Springi niliikata kwenye msumeno mbovu. Kitako kipya nilikichonga kwa mninga, nikakisugua kwa mafuta ya nyonyo ya mke wangu, akalalamika kwamba bunduki inapakwa mafuta kuliko yeye. Alikuwa na haki ya kulalamika. Nilikuwa sijawahi kutengeneza kitu kizuri namna ile, na nilikipenda.

Msimu huo niliwaangusha ngiri wawili, wengine wakahama. Tulivuna. Nyama nilipeleka Sepuka, mguu mzima wa nyuma. Jambo la ajabu, shemeji hakudai zamu yake hata mara moja. Alikuja tu kutembea, akaomba aione bunduki, akaipapasa kuanzia mdomo wa mitutu mpaka kitako, akatikisa kichwa.

"Naona amenenepa," akasema.

Nikadhani anatania. Mjinga mimi, nikamkaribisha na togwa.

Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi huwaweka baadhi yao kwa watu wengine. Anayemtunza ng'ombe anakunywa maziwa na kupata samadi ya shamba lake. Lakini ng'ombe ni wa mwenyewe, na siku akimtaka, anakuja na fimbo anamchukua. Hilo kila mtoto analijua. Lililonipita mimi ni kwamba mtu mzima, jumbe, anaweza kuifanyia bunduki hivyohivyo.

Mwaka wa pili uwele ulipoanza kutoa masuke, alikuja.

"Shemeji, umenitunzia vizuri. Nimekuja kumchukua ng'ombe wangu."

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kinyaturu, maana Kiswahili hakikunitosha. Mke wangu akasimama katikati yetu, na wazee wakaitwa.

Wazee walikaa uani kwangu, bunduki wameilaza juu ya ngozi. Wakauliza dume lililouzwa lilikuwa la nani. La shemeji. Nani alitunza? Mimi. Maziwa ulikunywa? Nikasema nilikula ngiri wawili. Wakaitikia kwa vichwa, kana kwamba nimejifunga mwenyewe.

"Ilikuwa maiti!" nikasema. "Mimi ndiye niliyeifufua! Na tulipatana zamu!"

"Shahidi wa zamu yuko wapi?" akauliza shemeji. Kisha akakohoa.

Mzee mmoja akasema kwamba aliyeuguza ng'ombe mpaka akapona hupewa ndama. Wakanigeukia wote, kwa huruma ya kweli, wakaniuliza huyu atazaa lini.

"Bunduki haizai!" nikapiga kelele.

Hakuna aliyecheka. Wakasogea pembeni, wakateta, wakarudi na hukumu. Kwa kuwa hazai, wakasema, tumhesabu kama mnyama aliyechinjwa, kila mtu achukue nyama yake. Kitako nilikichonga mimi, kitako ni changu. Chuma kilinunuliwa kwa dume, mitutu na mitambo ni vya shemeji. Kisha wakaniomba nikalete bisibisi, maana hakuna mwingine aliyejua kuifungua. Nikafungua skrubu nilizozifunga kwa mikono hii, mbele ya mtu yule, na yeye akazikusanya moja moja kiganjani kama karanga.

Najua wazee walichokitaka. Kwetu nyama ikishagawanywa, watu huishia kula pamoja. Walidhani tutakaa siku chache tuone haya, mmoja abebe kipande chake aende kwa mwenzake, bunduki iwe bunduki tena kabla uwele haujakomaa. Walitufanyia ujanja wa wema. Lakini walikuwa wamezoea ugomvi wa watu wanaopendana.

Shemeji aliitundika mitutu yake Sepuka. Mimi nilikitundika kitako changu Mungaa. Ngiri walirudi.

Mke wangu alijengewa dungu katikati ya shamba, akawa anashinda juu yake anapiga debe, kutwa, jua linamchoma. Ngiri siku za kwanza walikimbia. Baadaye walikuwa wanainua vichwa tu, wanamtazama, wanaendelea kula. Mara mbili aliniomba nipeleke kitako kwa kaka yake. Nikamwambia kaka yake ana miguu. Akamwomba kaka yake, naye akamjibu kwamba ng'ombe hamfuati mchungaji, mchungaji ndiye humfuata ng'ombe.

Siku aliyoshuka mara ya mwisho, uwele wa sehemu ya chini ya shamba ulikuwa umelazwa wote na ngiri. Alikuja mpaka niliposimama, sauti imemkauka kwa kupiga kelele.

"Baba watoto," akasema, "wewe na kaka mmegawana bunduki. Mimi mmenigawia ngiri."

Akaliweka debe miguuni pangu, akarudi shambani kuokota masuke yaliyobaki. Nilimsikia vizuri, neno kwa neno. Nilikaa na hasira yangu mpaka uwele wote ukaisha, na Sepuka sikwenda.