Apolline na Paragrafu ya Ufunguo

Vita vilimkatisha Apolline Umuhoza masomo alipokuwa mwaka wa tano wa sekondari. Akaolewa, akazaa, akawa kiongozi wa kwaya ya akina mama pale mtaani Katoyi, mtu wa maneno mengi na kicheko cha karibu. Siku mtoto wake wa mwisho alipoanza shule, alimwambia mume wake, Twagirimana, kwamba na yeye anarudi darasani. Twagirimana, fundi wa kuchomelea vyuma, alifikiri kidogo, kisha akasema basi jioni atapika yeye, ila wasije wakamlaumu kwa chumvi.

Apolline akavaa blauzi nyeupe na sketi ya buluu kama wasichana wengine, akakaa benchi moja na Munezero, binti wa mtaa wa Katindo aliyekuwa na umri wa kifungua mimba wake. Wiki ya kwanza darasa zima lilimwita mama. Wiki ya pili walikuwa wanamwomba kalamu. Mwaka wa tano aliuvuka salama. Mwaka wa sita ndio ulimgonga, kwa sababu mtihani wa taifa una disertasiyo, ile insha ndefu ya kutetea hoja, na Apolline, hodari wa kuzungumza, hakujua kuiandika.

Mwalimu wao wa Kifaransa, Prof Akonkwa, mtu wa upande wa Bukavu, aliwapa hadithi fupi ya kurasa mbili. Ilimhusu mama mmoja anayekimbia nyumba yake huku moto wa volkano ukishuka kutoka mlimani. Swali lilikuwa moja: je, mama huyu amekata tamaa, au bado ana tumaini? Apolline aliifurahia hadithi hiyo. Mlima wa kwao ulipotapika moto, naye alikimbilia mji wa Sake na watoto wake. Aliandika kurasa tatu bila kupumzika: mama akaona mwanga mwekundu, mama akawaita watoto, mama akafunga mlango, mama akaondoka.

Karatasi ilirudi na mstari mmoja wa wino mwekundu: "Hii hadithi naijua, nimeisoma. Nilikuuliza wewe unaiona namna gani."

Ilimuuma. Lakini Prof hakumwacha hapo. Aliwaeleza wote ubaoni kwamba katikati ya disertasiyo, kila paragrafu inabeba wazo moja tu, nalo lisemwe mwanzoni, lisifichwe. Kisha mwandishi wa hadithi aletwe mwenyewe aseme, kwa maneno yake, ndani ya alama za kunukuu. Halafu inakuja kazi yenyewe, ile wanafunzi wengi wanaikimbia: kuonyesha neno hilo linafanya nini, na linajibuje swali. Alisema anayesimulia hadithi upya ni kama mtu aliyeulizwa kama mchuzi una chumvi, akaanza kutaja vyote vilivyomo ndani ya sufuria.

Apolline akajaribu tena. Safari hii aliandika kwamba mama ana tumaini kubwa, akanukuu sentensi nne mfululizo, akafunga paragrafu. Munezero aliisoma juu ya bega lake, akatikisa kichwa.

"Mama, hizi sentensi umezitupa humu kama mawe ndani ya maharage. Hausemi zinafanya nini."

Apolline alicheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Jumamosi, watoto wakiwa nje, alikaa mlangoni na zile kurasa mbili akazisoma polepole, neno kwa neno, namna anavyosoma wimbo mpya kabla ya kuwafundisha wenzake wa kwaya. Alifika mahali alipokuwa amepapita mara nyingi: mama anafunga mlango, na ufunguo anauweka "chini ya jiwe la kila siku". Akasimama hapo. La kila siku. Moto unashuka, mji unakimbia, na huyu mama anauweka ufunguo mahali ambapo watu wa nyumba yake wanajua kuutafuta. Mtu anayeamini nyumba imekwisha angeutupa, au angeondoka bila kufunga. Huyu ameuacha kwa ajili ya mtu atakayerudi.

Apolline aliandika hapo hapo, karatasi ikiwa juu ya goti. Harufu ya maharage yanayoungua ilimfikia akaipuuza. Twagirimana alirudi kutoka kazini akakuta nyumba imejaa moshi na mke wake anatembea huku na huku akisoma kwa sauti. Apolline alimweleza yote, tena mara mbili. Twagirimana alitoa sufuria nje, akasikiliza hadi mwisho, akasema sasa na yeye anataka kujua kama yule mama alirudi.

Jumatatu Prof alimwita mbele. Apolline alisoma paragrafu yake. Alipomaliza, Munezero alikuwa ameshasimama.

"Mimi sikubali," alisema. "Mutu akiwa na woga, mikono inafanya yenye imezoea. Ile si tumaini, mama. Ni mazoea tu."

Darasa likapasuka. Wengine walimuunga mkono Munezero, wengine Apolline, na Kifaransa kilichokuwa kwenye karatasi kikaachiwa karatasi. Mabishano yakawa ya Kiswahili. Prof Akonkwa alisimama pembeni, anatabasamu. Hoja ilikuwa na nguvu, na jambo la ajabu ni kwamba Apolline alifurahi kuipata. Aliinamia ukurasa, kidole kikishuka mstari kwa mstari, na sentensi mbili chini yake akakiona alichokuwa akikitafuta. Mwandishi alikuwa ameandika: "Alikwenda hadi barabarani, kisha akarudi, akaongeza jiwe la pili juu ya la kwanza."

Alingoja kelele zipungue.

"Jiwe la kwanza ni mazoea, nakubali," alisema. "Lakini mazoea hayamutoe mutu barabarani kumurudisha kwa moto. Lile la pili alilifikiri. Analinda ufunguo, juu anajua kuna siku utahitajika."

Munezero alichukua ukurasa, akasoma mwenyewe, akakaa chini taratibu. Prof alimwambia Apolline aandike paragrafu upya, na safari hii aiweke ndani hoja ya Munezero kabla ya kuijibu, kwa sababu wazo lililopigwa likabaki limesimama ndilo msomaji analiamini.

Munezero naye hakukubali kushindwa bure. Kesho yake alileta paragrafu inayosema kinyume: yule mama aliwafungulia mbuzi wake wote na kukata kamba zao vipandevipande, na anayetarajia kurudi hakati kamba. Prof aliwapa wote wawili alama ileile. Apolline alishangaa, akauliza nani kati yao yuko sahihi. Prof alijibu kwamba kila mmoja amesema jambo na amelionyesha ndani ya maandishi. Yeye hawezi kudai zaidi.

Tangu siku hiyo wawili hao hawakuachana. Walibishana njiani, walibishana wakila mandazi wakati wa mapumziko, walibishana hata juu ya mahubiri ya padri, kila mmoja akimdai mwenzake: maneno gani, na yanaonyesha nini?

Siku ya mtihani wa taifa ikafika, na kwenye disertasiyo walipewa kisa cha baba mmoja na wanawe. Apolline alitoka katika chumba cha mtihani akiwa ametabasamu hadi masikio, na msimamizi akadhani amechanganyikiwa.

Wiki kadhaa baadaye, matokeo yalifika kwa simu mchana. Munezero alipata yake kwanza, amefaulu, akakimbia kutoka Katindo hadi Katoyi kuja kusema. Apolline naye alikuwa amefaulu. Twagirimana akatoka na kopo zima la poda, kama wanavyofanyiwa waliofaulu, akammwagia mke wake kichwani, akammwagia na Munezero, watoto wakashangilia, akina mama wa kwaya wakaanza wimbo hata kabla ya kuambiwa kuna nini.

Jioni Apolline alimsindikiza binti huyo kwao. Walipita barabarani weupe kwa poda toka nywele hadi viatu, wapita njia wakiwapigia makofi. Wawili hao hawakuwaona vizuri. Munezero alikuwa anasema yule baba wa kwenye mtihani aliwapenda wanawe, na Apolline alikuwa amesimama katikati ya njia, mkono kiunoni, akimuuliza hilo ameliona kwenye maneno gani.