Sinyoi Mpaka Nipate Kazi

Maneno yenyewe niliyasema nikiwa na njaa. Nilikuwa nimetoka kwenye usaili wa tatu, nimetembea kwa miguu kutoka katikati ya mji wa Dodoma hadi mtaani kwetu Makole, jua la saa nane likiniwakia utosini, na nilipofika nyumbani mama akanitazama kichwa kabla hajanitazama uso. Akasema pengine ingefaa nikanyoe, nywele zimeanza kufunika masikio. Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai, na njaa huzisogeza karibu zaidi. Nikamjibu kwamba sinyoi mpaka nipate kazi.

Mama mwingine angecheka, au angenisonya yakaisha. Wa kwangu akaweka mwiko chini. Akauliza kama nimelisema hilo mbele za Mungu. Ugali ulikuwa bado jikoni, harufu ya mlenda imeshanifika puani, nikasema ndiyo, mbele za Mungu, ilimradi apakue. Akapakua. Jumatano iliyofuata akaipeleka habari ile kwenye kikundi chake cha maombi, akina mama wote wakaiombea kwa machozi. Ndivyo maneno ya hasira yalivyogeuka nadhiri, mwenyewe nikiwa nimelala zangu usingizi wa mchana.

Lazima nieleze mama ni mtu wa namna gani, maana bila hilo hadithi yote ni kichekesho tu. Hajui kudanganya. Si kwamba anajizuia, hajui. Jirani akija kuomba chumvi naye amebakiwa na kijiko kimoja, hawezi kusema imekwisha. Atasema kipo kijiko kimoja, kisha atatoa nusu. Na nadhiri kwake ni kama mgeni aliyekwishashusha mizigo: umemkaribisha, umemkaribisha, humwambii tena arudi alikotoka.

Basi nywele zikaota. Mama anatokea upande wa Kondoa, na kwao wana nywele laini za kujikunja, kila unywele na pete yake. Baba alikuwa Mgogo wa Chamwino, alifariki nikiwa sekondari, na yeye nywele zake zilikuwa za kawaida. Mimi nilikuwa sijui nimerithi kwa nani, maana tangu darasa la kwanza tulinyolewa kipara, mwalimu wa zamu akipitisha vidole kichwani, akizishika tu, fimbo. Kwa hiyo nywele zangu mwenyewe nilifahamiana nazo nikiwa na miaka ishirini na mitano, na shahada ya utunzaji wa kumbukumbu isiyo na pa kwenda. Mwaka ulipotimia zilikuwa mabegani, nyeusi, zimejisokota zenyewe. Nisiwe mwongo, zilinipendeza.

Tatizo ni kwamba Makole nzima ilikuwa inapima ukosefu wangu wa ajira kwa macho. Mwenzangu asiye na kazi anaweza kujificha: anapiga pasi shati, anashika bahasha ya kaki, anatoka asubuhi kama watu. Mimi kalenda nilikuwa nayo kichwani. Vijana wa bodaboda pale kijiweni waliniita msanii, wakinidai wimbo mpya. Akina mama wa maombi walinishika mkono wakaniuliza nadhiri inaendeleaje, kwa ile sauti ya kuulizia hali ya mgonjwa. Na kinyozi wa mtaani kwetu ndiye aliyenionea kupita wote. Alikuwa mzee wa Kiislamu, mzaliwa wa mjini hasa, ambaye hata babu yake alikuwa kinyozi. Kila nikipita alisimamisha mashine, akawaambia wateja wake kwamba wahenga walisema mwenzako akinyolewa wewe tia maji, lakini kijana huyu mtaa mzima umenyolewa na kichwa chake bado kikavu. Nilimpa shikamoo yake nikapita, nimenuna.

Kuna kipindi nilikwenda Kibaigwa, kwenye soko la mahindi, nikapata kibarua cha kushona magunia, ambacho kwa mama hakikuhesabiwa kuwa kazi. Nilidumu wiki tatu. Pumba ziliingia kwenye nywele zikakataa kutoka, na nikipiga chafya zinapeperuka. Siku moja mama mmoja mtu mzima, aliyekuja na magunia yake mawili kutoka kijijini, akanivuta pembeni nyuma ya lori. Akaniamkia yeye. Mtu wa umri wa bibi yangu, akaniambia mimi shikamoo, kisha akauliza kwa sauti ya chini mvua za mwaka huu zimefungwa na nani. Alidhani mimi ni mganga. Kwa zile nywele, na macho mekundu kwa vumbi, angedhani nini kingine? Nikamweleza kwamba mimi ni msomi wa chuo, natafuta kazi. Akanitazama kwa huruma, akanipa karanga kiganja kimoja. Niliporudi nyumbani nilisimulia kama kichekesho, na mama alicheka mpaka akashika mbavu, lakini siku ile nyuma ya lori iliniuma sana.

Ninachokumbuka zaidi ya yote, na ninachokitamani mpaka leo, ni zile Jumamosi jioni. Mama alikaa uani kwenye kigoda, mimi chini kwenye mkeka, mgongo umeegemea magoti yake, akanichana kwa kitana cha mti, akianzia nchani ili asiniumize. Mafuta ya nazi kwetu Dodoma ni ya kununua, lakini ya alizeti tulikuwa nayo kwenye dumu, basi akanipaka ya alizeti. Nilinuka chipsi mpaka Jumatatu. Nililalamika kila wiki, na kila wiki nilikuwa wa kwanza kutandika mkeka.

Na alikuwa akinisimulia. Wajomba zake walivyokuwa wakipokezana koti moja kwenda kanisani. Baba alivyomwandikia barua ya kurasa sita, yenye makosa matupu, naye akaisahihisha kwa kalamu nyekundu na kumrudishia. Hayo sikuwahi kuyasikia nikiwa mwanafunzi, na nina hakika nisingeyasikia kama ningepata kazi mapema, kwa sababu mtu mwenye kazi hakai chini saa nzima akichanwa na mama yake. Miaka ile nilikuwa na uchungu, nilijiona mzigo ndani ya nyumba. Ila Jumamosi jioni nilikuwa na raha, na nasema hivyo kwa aibu kidogo.

Mwaka wa pili ukielekea ukingoni nikaitwa kwenye usaili wa nafasi moja ya masijala, kwenye ofisi moja huko Chamwino. Masijala ni pale mafaili yote ya ofisi yanapotunzwa, na mimi mafaili nayapenda, Mungu ndivyo alivyoniumba. Nilijibu kila swali. Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, akanieleza kwamba tumebaki wawili, na Jumatatu kutakuwa na usaili wa vitendo. Halafu akavua miwani yake.

"Mwanangu," akasema, bila ubaya wowote, "hapa tunapokea wazee na viongozi. Jumatatu uje umenyoa. Vinginevyo usijisumbue."

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Nilirudi Makole nikiwa sijui nilie au nicheke. Nikinyoa, nimeivunja nadhiri kabla ya kazi, na mama aliyekwishawaambia Mungu na wanakikundi wote kwamba mwanawe ni mtu wa neno lake nitamwangalia kwa macho gani? Nisiponyoa, kazi inakwenda kwa mwenzangu, nami nabaki na nadhiri yangu na mkeka wangu. Jumamosi nikakaa chini kama kawaida. Nikamuuliza kwa kuzungukazunguka, eti mtu aliyeweka nadhiri, kisha ikamletea shida, anafanyaje.

Aliendelea kuchana. "Asiweke," akasema. "Akishaweka, avumilie."

Sikuuliza tena. Jumatatu alfajiri, mama akiwa bado kwenye sala zake, nikaenda kumgongea kinyozi nyumbani kwake. Siku hiyo hakunitania hata kidogo. Aliuliza jambo moja tu, kama mama anajua, nikamjibu atajua nikishapata. Akasema bismillahi, akaanza. Zilianguka miguuni pangu nyingi kuliko nilivyodhani ninazo, na mimi, mwanaume mzima, nikalia. Akanipa taulo, akageukia ukuta mpaka nilipomaliza.

Kule ofisini wakaniwekea lundo la mafaili yaliyovurugwa makusudi, nikayapanga, wakasema watatupigia simu ndani ya wiki. Nikarudi nimejinunulia mzula wa sufu, nimeuvuta mpaka kwenye nyusi. Bahati nzuri ilikuwa mwezi wa saba, na Dodoma mwezi wa saba ina baridi ya kutosha kumfichia mtu uongo. Nikamwambia mama nimeshikwa na mafua. Akaniangalia kidogo, akaenda kutwanga tangawizi.

Wiki ile nililala na mzula, nikala na mzula, nikanywa chai ya tangawizi asubuhi na jioni mpaka koo likachubuka. Jumatano kikundi cha maombi kikakutana kwetu, wakaniwekea mikono juu ya mzula wakayakemea mafua, na mimi nimeinama, jasho linanitiririka, nikiomba asiwepo wa kuuvuta. Nilihesabu siku. Jumamosi mkeka utatandikwa, mama atataka kichwa chake, na ikiwa simu haijaita nitakuwa sina nywele, sina kazi, wala sina neno.

Ikaita Ijumaa saa tisa na nusu, ofisi zikikaribia kufungwa. Nimepata. Nilisimama njiani muda wa kutosha mtu kunyolewa, nikauvua mzula nikautia mfukoni, nikaingia ndani. Nikamwambia mama nimepata kazi, na kwamba nimetoka kunyoa sasa hivi. Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, akakipapasa mbele na nyuma, kisha akakaa kwenye kigoda akalia. Nikadhani ni furaha.

Jumapili akasimama mbele ya kanisa kutoa ushuhuda. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka milango ya nyuma kwamba mwanawe aliahidi hatanyoa mpaka apate kazi, na hakunyoa mpaka alipopata. Kanisa likapiga vigelegele. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kumwacha mtu asiyejua uongo atangaze uongo wangu bila kujua, hicho ndicho kitu kibaya kuliko vyote nilivyowahi kufanya, na nilikibeba peke yangu miaka kumi na moja. Nilioa, nikapata watoto, nikapanda cheo pale pale masijala, na nywele zenyewe zikaanza kukimbia kutoka kwenye paji la uso, sasa hivi hata nikiweka nadhiri hakioti kitu.

Mwaka huu yule kinyozi akafariki. Nikaja kutoka Chamwino, nikaongozana na mama kwenda kuwapa pole wafiwa. Wakati wa kurudi alitembea polepole, miguu inamsumbua, akawa anamsifia marehemu. Akasema alikuwa mtu mwenye adabu za kizamani, haachi nywele za mtu zikazagaa. Hata zile zangu alimletea yeye mama, zimefungwa vizuri kwenye gazeti, ile Jumatatu asubuhi.

Nikasimama katikati ya njia. Nikamuuliza ni Jumatatu ipi, ingawa nilijua ni ipi.

"Ile ya tangawizi," akasema.

Nikamuuliza kuhusu kanisani. Kwa nini alisimama mbele ya watu wote akasema vile na huku anajua. Alitafuta kwanza pa kukanyaga kati ya mawe.

"Ulikuwa umepata kazi," akasema. "Nilitaka uende nayo kichwa juu. Nikadanganya. Jumapili iliyofuata nikatubu, na nikadhani na wewe utatubu, nikaona kimya. Nikasema tumwache, ana kazi mpya, asichanganyikiwe." Akanigeukia. "Bado?"

Nikasema bado, mama. Kumbe miaka kumi na moja alikuwa akiningoja, na hakuwahi kuniharakisha.